Chuma peke yake dakika nne, chuma na shaba chini ya dakika moja: kwa nini?

MwalimuNyamwamba (Kasese)

Wadau wa kemia, nawasalimu. Nafundisha sekondari hapa Kasese, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja. Naleta swali ambalo darasa langu la S5 (mwaka wa tano wa sekondari) liliniachia Jumanne, na tangu siku hiyo sijatulia.

Nilikuwa nafundisha kasi ya mmenyuko. Kila mwaka natumia ule unga mweusi wa manganizi dioksaidi: unautia kwenye peroksaidi ya hidrojeni, povu la oksijeni linapanda, darasa linashangilia, tunasonga mbele. Safari hii unga umekwisha na muhula huu hakuna fedha ya kuagiza mwingine. Nikafungua kabati, nikakuta kloraidi ya chuma III (III ni idadi ya elektroni ambazo chuma kimepoteza) na ile salfeti ya shaba ya bluu. Nilijua chuma III kinavunja peroksaidi. Shaba niliichukua kwa sababu moja tu: binti mmoja anayetoka Kilembe alikuja darasani na jiwe lenye madoa ya kijani aliloliokota karibu na machimbo ya zamani ya shaba, akauliza kama shaba nayo ni kichocheo. Nikaona tujaribu, kuliko mimi kujibu kwa mdomo.

Tulitengeneza myeyusho wa kila chumvi, moli 0.5 kwa lita. Peroksaidi ni ile ya asilimia 6 ya duka la dawa, tukaizimua nusu kwa nusu, tukatumia cm³ 20 kila mara. Kizibo cha mpira, mrija, na silinda ya kupimia iliyopinduliwa kwenye beseni la maji. Tulipima muda wa kujaza oksijeni cm³ 50.

Kwanza chuma: cm³ 2 za chuma pamoja na cm³ 2 za maji. Rangi ya manjano ikageuka kahawia, mapovu yakaanza taratibu. Dakika 4 na sekunde 20.

Kisha shaba: cm³ 2 za shaba na cm³ 2 za maji. Tulisubiri dakika 10 nzima, silinda ikapata cm³ 3. Wanafunzi wakaanza kuzungumza habari za mpira.

Halafu vyote viwili: cm³ 2 za chuma na cm³ 2 za shaba. Kabla kizibo hakijakaa sawa, mrija ulikuwa umeanza kukoroma. Sekunde 58! Tukadhani tumekosea, tukarudia mara mbili. Sekunde 61, sekunde 57.

Kama kila metali ingefanya kazi yake kivyake, shaba isingeongeza hata cm³ 1 katika dakika hiyo. Yule binti wa Kilembe akanyoosha mkono: «Mwalimu, kama shaba yenyewe haiwezi kazi, imemsaidiaje mwenzake?» Nikatazama ubaoni. Juu kabisa, kwa mwandiko wangu mwenyewe, pameandikwa: kichocheo huharakisha mmenyuko bila kushiriki. Kwa sentensi hiyo sikuwa na la kumjibu. Nilimwambia nitamletea jibu, na nataka nimpelekee jibu la kweli, si la kumnyamazisha.

Metali mbili zinasaidianaje kwenye kichocheo?

Juma_Arua

Mwalimu, jaribio zuri sana. Ila kabla hatujasifu ushirikiano, mlipima joto? Peroksaidi ikivunjika inatoa joto, joto linaongeza kasi, kasi inaleta joto zaidi. Inawezekana shaba imeusukuma mmenyuko kidogo tu pale mwanzo, halafu moto ukajipalilia wenyewe. Nilishawahi kuona chupa ya plastiki ikilegea kwa peroksaidi iliyokuwa kali kuliko hiyo yako. Rudia ukiwa na kipimajoto ndani ya chupa, na chupa yenyewe ikae kwenye beseni la maji.

MwalimuNyamwamba (Kasese)

Juma, umenishika pazuri, sikupima. Leo saa ya mapumziko nimebaki maabara na wanafunzi wanne tukarudia.

Bila beseni: tulianza nyuzi 26. Ilipofika cm³ 50, mchanganyiko wa chuma na shaba ulikuwa nyuzi 30. Chuma peke yake kiliishia nyuzi 29, nadhani kwa sababu kilichukua muda mrefu na joto likapotea pembeni.

Ndani ya beseni la maji, huku mmoja anaitikisa chupa taratibu: mchanganyiko sekunde 66, chuma peke yake dakika 4 na sekunde 50. Tofauti ipo vilevile.

Maabara_Mbarara

Mwalimu, mimi ni fundi wa maabara huku Mbarara na jambo hili nalipenda, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Kwanza hongera kwa zile cm³ 2 za maji ulizoongeza kwenye chuma peke yake. Wengi wanasahau, ujazo unabadilika, peroksaidi inakuwa nyepesi upande mmoja, na kulinganisha kunakufa hapo hapo.

Joto tulimalize kwa hesabu. Oksijeni cm³ 50 ni kama moli 0.002, kwa hiyo peroksaidi iliyovunjika ni kama moli 0.004. Moli moja ya peroksaidi ikivunjika hutoa kilojuli 98 hivi. Umepata kilojuli 0.4. Zimwage kwenye gramu 24 za maji, zitapanda nyuzi 4. Kipimajoto chako nacho kimesema nyuzi 4. Sasa ile kanuni tunayowapa wanafunzi, kwamba nyuzi 10 huzidisha kasi karibu mara mbili, kwa nyuzi 4 inatupa ongezeko la kama theluthi moja. Wewe umeona zaidi ya mara nne. Juma alikuwa na haki ya kuuliza, lakini joto halitoshi.

Twende kwenye chuma chenyewe. Chuma III kinapokutana na peroksaidi kinainyang'anya elektroni moja, kinakuwa chuma II. Chuma II kikikutana na peroksaidi nyingine kinaipa elektroni hiyo, kinarudi kuwa III. Mzunguko umefungwa, na ukipima mwisho utakuta chuma chote kipo. Ndiyo maana tunasema hakikutumika. Lakini kimeshiriki kila mara!

Sasa angalia kasi ya hatua hizo mbili. Ile ya chuma II ni ya haraka. Ndiyo inayobeba jina la Henry Fenton, aliyeandika mwaka 1894 kuhusu chuma na peroksaidi. Ile ya chuma III ni nzito, inachelewa maelfu ya mara zaidi. Matokeo yake, wakati wowote ungeweza kuchungulia ndani ya chupa yako ungekuta karibu chuma chote kimekwama kwenye foleni ya III, kinasubiri kupata elektroni.

Katikati ya mzunguko huo huzaliwa vipande vya muda visivyotulia. Kimoja ni peroksaidi iliyopoteza hidrojeni moja, HO₂. Kipande hiki kina elektroni ya kutoa, na kikishaitoa, kinachobaki ni oksijeni yenyewe, yaani povu lako. Kingemkabidhi chuma III moja kwa moja mambo yangekwisha, ila ndani ya tindikali kinafanya hivyo kwa uvivu mkubwa. Vibaya zaidi, kikimkuta chuma II kinaweza kumrudisha kuwa III na kuharibu kazi iliyokwisha kufanyika.

Shaba inaingia hapo. Shaba II inaipokea elektroni ya HO₂ kwa kasi kubwa mno, oksijeni inatoka, na shaba inageuka kuwa shaba I. Shaba I haikai na mzigo huo. Inamkabidhi chuma III papo hapo, yenyewe inarudi kuwa shaba II, na chuma kinakuwa chuma II, kile chenye haraka. Maelezo haya ya kupokezana yalitolewa na wanakemia wa Uingereza, Barb, Baxendale, George na Hargrave, mwaka 1951.

Kwa hiyo mjibu binti yule hivi: shaba peke yake haiwezi kazi kwa sababu haina mtu wa kuizalishia HO₂ za kutosha, wala haina wa kumkabidhi. Chuma peke yake kinaweza, ila kinachelewa kurudi kazini. Ukiviweka pamoja, shaba haivunji peroksaidi kwa niaba ya chuma. Inakirudisha chuma kazini.

Nilikua karibu na soko ambako lori za matoke zinafika usiku. Mtu mmoja anashusha mkungu, anatembea nao hadi kibandani, anarudi kwenye lori mikono mitupu. Akiwepo wa pili katikati, ambaye hapandi lori wala haingii kibandani, kazi yake kupokea na kupitisha tu, lori linaisha mapema mno. Ukimpima huyo wa katikati peke yake utasema ni mvivu, kwa sababu hajawahi kushusha hata mkungu mmoja. Ndivyo silinda yako ilivyoisema shaba: cm³ 3 kwa dakika 10.

Viwandani wanaitumia akili hiyohiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 huko Ujerumani walipata njia ya kugeuza ethini, yaani ile gesi ethilini, kuwa asetaldehaidi kwa paladiamu na shaba. Wanaiita njia ya Wacker. Paladiamu ndiyo inayoishika ethilini na kuigeuza, lakini kila ikimaliza inabaki metali tupu, imechoka. Kloraidi ya shaba inairudishia hali yake. Shaba nayo inarudishwa na oksijeni ya hewa. Oksijeni ni bei rahisi ila haiwezi kuirudisha paladiamu kwa haraka inayotakiwa, inaiweza shaba. Ukiondoa shaba, unahitaji mzigo wa paladiamu mzito kuliko mzigo wa bidhaa unayotaka, na hakuna kiwanda kinachoweza kulipia hivyo.

Ushauri wa jaribio: anzeni na chuma peke yake, halafu baada ya dakika 2 ingizeni matone ya shaba kwa sindano kupitia kizibo, msimamo wa mrija usiguswe. Na punguzeni shaba kila mara. Wanaopokezana hawahitaji kuwa wengi. Miwani ya kinga kila mtu, na chupa isizibwe bila mrija hata kwa sekunde.

FundiKisekka

Mwalimu na mwenzangu wa Mbarara, mimi ni fundi wa magari hapa Kisekka, Kampala. Kemia niliiachia S4, lakini metali hizi ninazishika kwa mkono kila wiki, niruhusuni.

Mwezi uliopita ililetwa gari, Toyota Premio, haina nguvu ya kupanda hata kilima cha Makerere. Nikafungua ekzosi, nikatoa ile kataliza, yaani kopo la kichocheo linalosafisha moshi, nikaikata kwa grainda. Ndani kuna sega la vigae, vitundu vidogo vidogo vilivyonyooka kama sega la nyuki. Sega zima lilikuwa la kijivu, ila katikati lilikuwa limeyeyuka likafanya bonge linalong'aa, vitundu vimeziba. Koili moja ilikuwa imekufa, silinda moja haichomi, petroli mbichi inaingia ekzosi na kuungulia humo ndani. Sega halikuwa na kosa. Lilipewa kazi isiyo yake.

Mwenye gari akasema kile wanachosema wengi: toa, weka bomba tupu. Nilimkatalia mpaka anisikilize, na niliyomwambia ndiyo nataka kuandika hapa. Kwenye kuta za vile vitundu kuna gramu chache tu za platinamu, paladiamu na rodiamu. Platinamu na paladiamu zinachoma ile gesi ya kaboni monoksaidi inayoua watu ndani ya gereji zilizofungwa, pamoja na petroli ambayo haikuungua. Rodiamu inafanya kinyume: inaichukua ile gesi ya nitrojeni na oksijeni, inaitenganisha, nitrojeni inatoka salama. Kazi moja inataka oksijeni iongezwe, nyingine inataka iondolewe, na zote ziko ndani ya kopo moja kwa wakati mmoja. Sensa ya oksijeni ya mbele ndiyo inayoilinda hali hiyo, kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Kompyuta inacheza juu kidogo, chini kidogo, siku nzima.

Na kuna metali ya nne ambayo wateja hawaijui, seriamu. Yenyewe inahifadhi oksijeni hewa ikizidi, na inaitoa hewa ikipungua. Ni kama tangi la maji juu ya paa: maji yakikatika, nyumba haijui. Nikisoma habari ya shaba ya Mwalimu, naona seriamu ni ndugu yake.

Swali langu kwa wa Mbarara: rodiamu na platinamu nazo zinakabidhiana, au kila mmoja na kazi yake? Maana ndani ya kopo moja wakati mwingine naona tabaka mbili ukikwangua.

Premio ile tulibadilisha koili na plagi zote nne, tukaweka kataliza nyingine nzima. Inapanda Makerere na gia ya tatu. Nawaomba wenye magari: msing'oe. Moshi huo unaupumua mtoto wako kwenye foleni ya Nakulabye.

Maabara_Mbarara

Fundi, jicho lako ni kali. Tabaka hizo zipo kweli na zimewekwa makusudi. Kwenye kataliza, kazi imegawanywa zaidi ya kupokezana. Na kuna metali ambazo kukaa karibu mno kunaziharibu: rodiamu ikichanganyika na paladiamu kwenye joto kali, paladiamu huelekea kuifunika juu, na rodiamu iliyofunikwa haigusi gesi. Ndiyo maana mara nyingi huwekwa tabaka tofauti. Platinamu na paladiamu ni kinyume chake. Chembe za platinamu peke yake zikipata joto kwa muda mrefu hukusanyana na kuwa kubwa, uso unapungua. Ukiichanganya na paladiamu zinastahimili zaidi. Kwa hiyo «pamoja» ina maana nyingi, na mtengenezaji lazima ajue ni pamoja ya namna gani.

Kuhusu seriamu umesema vizuri kuliko vitabu vyangu. Inapanda na kushuka kati ya chaji 3 na 4 kama shaba inavyopanda na kushuka kati ya 1 na 2.

Mwalimu, kwa watoto wa Kasese ongeza hili. Kobalti iliyokuwa kwenye marundo ya mabaki ya Kilembe, ile ambayo baadaye kiwanda cha hapo Kasese kiliitoa kwa kutumia bakteria, ni metali ya vichocheo. Viwanda vya kusafisha mafuta huondoa salfa kwenye dizeli kwa molibdenamu na kobalti. Molibdenamu hukaa na salfa katika vipande vyembamba kama karatasi, na kazi yote hufanyika kwenye kingo. Kobalti inajipachika kwenye kingo hizo, na salfa inang'oka kwa urahisi zaidi. Kobalti peke yake hapo ni dhaifu. Umeshaisikia hadithi hii.

DadaMaharage (Masindi)

Nimesoma yote, nami nimesimama na jembe, kwa hiyo nitasema la shambani.

Mimi ni bibi shamba, nazunguka na wakulima wa maharage na soya upande huu wa Masindi hadi Kiryandongo. Mwaka juzi mama mmoja aliniita, maharage yake ya manjano, mvua ilikuwa nzuri. Nikang'oa mche, nikaosha mizizi kwenye ndoo. Vinundu vilikuwepo, vingi tu. Nikakipasua kimoja kwa kucha: ndani cheupe. Cha pili, kijani. Kinundu kinachofanya kazi ndani ni chekundu kama nyama.

Mnaozungumzia metali mbili, kubwa kuliko zote imo ndani ya kile kinundu. Bakteria wanaoishi humo wana kimeng'enya kinachoitwa nitrojenesi, kinachoivunja nitrojeni ya hewa na kuifanya amonia. Moyo wake ni kifundo kidogo chenye atomu 7 za chuma, atomu 1 ya molibdenamu, salfa 9, na kaboni moja imekaa katikati. Pembeni kuna protini nyingine ya chuma ambayo kazi yake ni kuleta elektroni, moja moja, na kuzikabidhi. Kupokezana tena! Viwanda vya mbolea hufanya kazi hiyohiyo kwa chuma kilichotiwa potasiamu kidogo, kwa joto la nyuzi 400 na kupanda, na mgandamizo wa zaidi ya mara 100 ya hewa. Maharage yanafanya kwenye udongo wa kawaida, asubuhi yenye umande. Mimi kila nikilifikiria hilo nasimama.

Udongo wa mama yule tulipima, ulikuwa mchachu sana. Na kwenye udongo mchachu molibdenamu inashikwa na oksaidi za chuma, zile zinazoupa udongo wetu wekundu, mizizi haiipati. Kwa hiyo chuma kilikuwa tele hadi kinaonekana kwa macho, na ile atomu moja ya molibdenamu haikupatikana. Kinundu kinajengwa, kazi haifanyiki. Tulimwambia aweke chokaa, asinunue yuria kwanza. Chokaa ikipunguza uchachu, molibdenamu iliyomo inaachiliwa. Msimu uliofuata alinipigia simu mwenyewe: «Dada, nimepasua, ni chekundu.»

Mwalimu, hilo nalo wapelekee. Wengi wa watoto hao wana shamba nyumbani. Waende wapasue.

Juma_Arua

Nakubali hesabu ya nyuzi 4. Ila Mwalimu, lile la kupunguza shaba ulifanye kweli na utuletee namba. Kama ni kupokezana, nusu ya shaba isipunguze kasi kwa nusu.

MwalimuNyamwamba (Kasese)

Wadau, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na namba za Juma. Asanteni sana, nyote. Sikutegemea swali la darasa la Kasese liguse Kisekka na Masindi.

Jumanne tulianza kwa kufuta ile sentensi. Nilimpa kitambaa yule binti wa Kilembe akaifuta yeye. Nikawaambia wazi kwamba nimeiandika kwa miaka kumi na moja na haikuwa sahihi. Tukaandika nyingine pamoja: kichocheo hushiriki, kisha hurudi kilivyokuwa.

Halafu jaribio. Chuma peke yake, tukaacha dakika 2 zipite, silinda ikawa na cm³ 21. Mapovu yalikuwa yanatoka moja moja, unaweza kuyahesabu. Kijana mmoja akasukuma sindano ya shaba kupitia kizibo, cm³ 2. Kwa sekunde kama mbili hakuna kilichobadilika, halafu mrija ukaanza kukoroma kama siku ile ya kwanza. Zilizobaki hadi cm³ 50 zilijaa kwa sekunde 39. Darasa halikushangilia. Lilinyamaza, na mimi nilifurahi kwa hilo kuliko kelele, kwa sababu walikuwa wanatazama.

Juma, namba zako hizi, chuma cm³ 2 kila mara na maji ya kufidia ujazo. Shaba cm³ 2: sekunde 59. Shaba cm³ 1: sekunde 64. Shaba matone 5: sekunde 88. Bila shaba: dakika 4 na sekunde 15. Nusu ya shaba imepunguza kidogo sana. Matone 5 tu yanafanya sehemu kubwa ya kazi. Tulichora grafu ubaoni, mstari unapanda kwa kasi kisha unalala, na mwanafunzi akasema wa katikati akishatosha, kumwongeza wa pili hakusaidii, lori ni lilelile. Nilikuwa nimewasomea habari ya matoke.

Nilimuuliza binti kama nimejibu swali lake. Akasema ndiyo, ila ana lingine: shaba iliyomo kwenye jiwe lake inaweza kazi hiyo, au ni ile ya chupa ya dukani tu? Nilikwangua madoa ya kijani kwa kisu, tukapata unga unaojaa kijiko cha chai, tukautia kwenye asidi ya salfyuriki iliyozimuliwa. Ulitoa mapovu kidogo. Tumeuacha juu ya rafu ya dirishani usiku kucha, nikaandika karatasi «usiguse». Leo asubuhi nimefungua maabara kabla ya kengele. Maji yamekuwa ya bluu.